Mama Alivyojifunza Kukunja

Harufu ya kitenge kipya, ile ya wanga kabla hakijaingia maji, hunirudisha Musoma, kwenye chumba chetu kimoja, mwaka niliokuwa darasa la sita.

Baba alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo, na kila jioni alirudi na nyuzi za pamba kichwani, kama mtu aliyeota mvi njiani. Kisha vitenge vya nje vikajaa sokoni, bei chini kuliko vyetu. Mwenye kiwanda akazima mitambo, akaanza kuviagiza mwenyewe. Wafumaji wengi waliachishwa kazi. Mama na wenzake sita wakahamishiwa ghalani, kukunja vitambaa hivyo vya nje na kubandika nembo ya kiwanda.

Siku hiyo alirudi nywele safi. Nikatangaza uani kwamba amepanda cheo.

"Ehee!" akacheka jirani yetu, Mama Zuhura. "Nilikuwaga nakuonea huruma, kumbe mtoto wa bosi!"

Mama alisikia. Hakunisahihisha.

Tatizo lilikuwa mikono yake. Mfumaji hupitisha kiganja juu ya kitambaa akitafuta uzi uliokatika, na Mama hakukosa kuupata, akakiweka kitambaa pembeni. Msimamizi akamwambia, "Mama, hapa hatukagui. Kunja tu." Akampa hadi mwisho wa mwezi aongeze kasi, la sivyo aondoke.

Basi tukafanya mazoezi nyumbani kwa shuka, yeye ncha hii, mimi ile, wadogo zangu watatu wakihesabu kwa sauti. Kiganja chake kilisimama kila penye uzi uliokatika.

"Mama, usiangalie! Kunja haraka!"

Akafumba macho. Mkono ukasimama vilevile.

Mwezi ulipoisha wakamwachisha. Tukahamia kijijini Suguti kulima, na huko akatutoka. Mimi nikaacha shule, nikawalea wadogo. Kwa miaka nilimkasirikia kimoyomoyo, sina wa kumwambia: kazi ipotee kwa sababu ya uzi?

Sasa wadogo wana nyumba zao, na kwangu pamenyamaza. Ndipo nilipoelewa. Mama hakushindwa kazi. Aliendelea kuifanya baada ya kiwanda kuiacha. Jioni zile, mtu pekee aliyeona jinsi alivyoijua nilikuwa mimi, niliyeshika ncha ya pili, nami nilimwambia aharakishe.