Vanila ya Harusi ya Akinyi

Nakumbuka siku moja ya harusi, mwanangu, kila ninapokuona ukimimina vanila bila kusoma lebo.

Ilikuwa miaka ya sitini. Nilikuwa msichana, nikipika kwenye hoteli ya Mama Wanjiru, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Nyeri akaweka makao Kisumu. Dada yangu Akinyi alikuwa anaolewa Nyamasaria, na Mama Wanjiru akaahidi kumwokea keki. Hakuwa amewahi kuombwa keki ya harusi. Alitaka mji umjue kwa hiyo moja.

Alikuwa na chupa mbili. Moja ilikuwa vanila halisi, maganda ya mmea yaliyolowekwa mpaka yatoe harufu. Ya pili ilikuwa ya kiwandani, ya keki za chai, kali mno, matone machache yalitosha. Mimi nilikuwa nimeokoka majuzi tu, na unajua mtu aliyeokoka majuzi alivyo. Nikasoma lebo ya ile halisi, nikaona ina pombe. Pombe kwenye keki ya kanisani? Nikaimwaga yote, nikajaza chupa ileile vanila ya kiwandani, nikajiona nimemtumikia Mungu. Lebo ya hii ya pili sikuisoma hata neno.

Mama Wanjiru akapima vijiko viwili kutoka chupa hiyo, kama alivyozoea kwa ile halisi. Harusini, mama mkwe wa Akinyi alitafuna kidogo, akasukuma sahani.

"Mama Wanjiru, hii keki umetia dawa ya malaria?"

Watu wakacheka. Mama Wanjiru akaonja, akainamisha kichwa, hakujitetea. Nami nilinyamaza, mwanangu. Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Kesho yake nikamweleza. Hakupiga kelele.

"Hiyo pombe ni ya kulowekea maganda tu, Atieno. Nyingi ingeisha kwa moto. Mimi niliamini chupa yangu. Si ungeniuliza?"

Akafunga kitambaa kichwani, akanipeleka kwa wakwe wa Akinyi, nikasema yote. Mama mkwe akaniuliza:

"Nyathina, mtoto wangu, si ungesema jana, wakati sisi tunamcheka?"



Basi soma lebo yote, mpaka maandishi madogo ya nyuma. Ikisema vanila halisi, ni maganda. Ikisema ladha ya vanila, mara nyingi ni ya kiwandani. Hiyo ya kiwandani pima kwa matone. Kila moja ina kazi yake, ila usitie moja kwenye chupa yenye jina la nyingine. Na ukikosea, sema wakati mwenzako angali mezani akibeba lawama yako. Mungu akupe mkono mzuri wa kupima, mwanangu, na mdomo usiochelewa kukiri.