Siku Mpaka wa Msitu Uliposogea

Iko siku moja, mwanangu, haijanitoka kichwani hata baada ya kustaafu: siku nilipolikuta kanisa la Moravian ndani ya bwawa. Usishtuke. Kanisa lenyewe lilikuwa palepale kijijini, na kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi kama kawaida. Lililozama ni lile la kwenye kompyuta yangu. Niliitandaza ramani ya zamani juu ya picha ya setilaiti, alama ya kanisa ikaenda kukaa katikati ya maji. Nikafikicha macho. Nikaizima kompyuta, nikaiwasha tena. Kanisa likabaki linaogelea.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi ulinipigia simu kwamba umeajiriwa kitengo cha ramani kwenye halmashauri, na sauti yako ilikuwa ya mtu anayejua kila kitu. Sikutaka kukukatiza, kazi mpya ina raha yake. Ila na mimi nilikuwa na sauti kama hiyo. Nilitoka chuoni na cheti changu, nikapewa meza, kompyuta moja nzito na kifaa cha kusomea mahali ulipo kwa setilaiti, na chumba kizima cha ramani kikawa changu peke yangu. Huko vijijini waliniita binti wa Mwarabu, maana marehemu baba yangu alikuwa na duka la vitambaa hapa Tabora mjini. Nilikuwa nikitembea kifua mbele utadhani dunia yote nimeichora mimi.

Sasa kazi yenyewe ilikuwa hivi. Upande wa Ipole kulikuwa na msitu mmoja unaomilikiwa na vijiji viwili, kimoja kaskazini yake, kingine kusini. Humo ndimo walimotundika mizinga yao ya nyuki, na asali ya huko, mwanangu, acha tu. Halmashauri ilikuwa inaandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi, na kilichotakiwa ni kuuonyesha mpaka wa msitu ili vijiji vyote viwili viupitishe kwenye mkutano. Atakayeonekana amejenga ndani ya msitu, ahame. Kabla yangu mwenzetu mmoja, ambaye alikwishahamia mkoa mwingine, alikuwa ameuingiza mpaka huo kwenye kompyuta kutoka kwenye ramani ya zamani. Watu wakaenda na karatasi yake, wakapiga alama ya X nyekundu kwenye nyumba kadhaa za kijiji cha kaskazini. Ya kwanza ilikuwa ya Mama Tabita, mjane, mkulima wa tumbaku, na mumewe alikuwa amezikwa nyuma ya bani lake la kukaushia.

Mimi nilitakiwa kuchapa tu ramani safi ya mkutano. Kuchapa tu! Ndipo nikakutana na kanisa bwawani, na nikaanza kujiuliza, kama kanisa limekaa majini, huo mpaka wa msitu umekaa wapi?

Nikapanda gari la idara nikaenda kuona kwa macho. Mama Tabita nilimkuta anapanga majani ya tumbaku kwenye fito.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja na rangi nyingine?"

"Hapana, mama. Nimekuja kupima."

"Hata wale wa kwanza walikuja kupima," akasema, na mikono yake haikusimama.

Nikazunguka na wazee wa kijiji siku nzima, na kadiri nilivyozunguka ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa. Mmoja aliniambia mpaka unapita kwenye kichuguu kikubwa. Mwingine akacheka, akasema kichuguu hicho kimeota juzi tu, mpaka ni njia ya wapagazi, ile njia ya misafara ya zamani ambayo bado watu wanapita nayo kwa baiskeli. Wa tatu akasema njia ya wapagazi ni kweli, lakini si hii, ni ile nyingine iliyomezwa na miombo. Mawe ya mpaka yaliyowekwa zamani tuliyatafuta, hatukuona hata moja. Na kifaa changu mkononi kilikuwa kinanipa namba zake kwa upole kabisa, namba ambazo hazikukubaliana na ramani, wala kichuguu, wala mzee yeyote.

Tuliporudi Mama Tabita akanisogezea kigoda, akaniuliza bila kuzunguka, "Sasa binti, mimi niko ndani ya msitu ama niko nje?"

Ningependa kukuambia kwamba nilimjibu kitaalamu. Nilimwambia, "Sijui, mama."

"Afadhali wewe," akasema. "Wale walijua."

Mwanangu, nilirudi mjini nikiwa na kichwa kizito. Mkutano ulikuwa Jumamosi, na kama nisingepata jibu, mpaka ule wa mwenzetu ndio ungepitishwa, na yule mama angehama na kuliacha kaburi la mumewe. Nikamwendea mkuu wangu wa idara, Mzee Swedi, mtu mzima aliyepima ardhi tangu enzi za kupimia kwa minyororo ya chuma. Nikajua huyu atanitegulia. Akaikazia macho kompyuta, akavua miwani, akaivaa, akasema, "Zuhura, hapa hata mimi nimepotea."

Sikujua nicheke au nilie. Nilikuwa sijawahi kusikia mkubwa akisema hivyo ofisini.

"Basi tufanyeje, mzee? Tuchape hivyohivyo?"

"Tukichapa, tutakuwa tunaficha kwamba hatujui, na atakayelipia ni yule mama. Rudi kaangalie tumepotea kuelekea wapi."

Nilirudi mezani nikinung'unika, maana niliona ananizungusha. Lakini nilipoanza kuangalia, kweli. Kanisa la kwenye ramani lilikuwa limesogea kaskazini ya kanisa la kwenye picha. Shule nayo imesogea kaskazini. Kivuko cha mto, kaskazini. Njia ya wapagazi, kaskazini, tena kwa umbali uleule, kama kutoka mlangoni kwangu hapa Ipuli hadi kule msikitini. Kila kitu kimehama pamoja kama watu wa msafara mmoja. Ndipo nikakumbuka somo ambalo chuoni nililisinzia: ramani za zamani zilipimwa kwa hesabu moja ya umbo la dunia, na setilaiti inapima kwa hesabu nyingine. Namba zinafanana kwa sura, lakini ukizihamisha bila kuzigeuza, kila kitu kinasogea upande mmoja. Mwenzetu hakuzigeuza. Wewe leo kompyuta yako inakugeuzia yenyewe, na ndiyo maana nakuogopea zaidi, kwa sababu ikikosea hutajua.

Nikazigeuza. Kanisa likatoka majini, likakaa juu ya bati lake barabara. Mpaka wa msitu ukashuka kusini, ukakaa juu ya njia ya wapagazi, na nyumba ya Mama Tabita, pamoja na bani na kaburi, vikabaki nje. Nilipiga kelele ofisini hadi mhudumu akaja mbio kuuliza kama kuna nyoka. Nikachapa ramani ya upande wa kaskazini, kwa sababu ndiko zilikokuwa nyumba zenye X na ndiko kulikokuwa na malalamiko. Jumamosi nikaondoka nimejipamba.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule, vijiji vyote viwili vikiwa vimehudhuria. Nikaieleza hadithi ya kanisa na bwawa, watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Nikasema nyumba za kaskazini ziko nje ya msitu. Vigelegele! Mama Tabita hakupiga kigelegele, alijifunika uso na khanga yake, mabega yakawa yanatikisika. Na mimi nilifurahi, nakuambia kweli, nilifurahi kupita kiasi.

Ndipo akasimama mzee mmoja wa kijiji cha kusini, Mzee Kapaya, mrina asali, na kofia yake ya pama. Akasalimia, "Mwangaluka," tukaitikia. Akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Binti, mstari wa huku umeshuka. Wa kule kwetu umebaki palepale, au nao umeshuka?"

Mwanangu, msitu ni mmoja. Ukiusogeza upande mmoja, umeusogeza wote. Kitu ambacho mtoto wa darasa la pili angekiona, mimi sikukiona, kwa sababu nilikuwa natazama nyumba zenye X peke yake. Nikatoa kompyuta ndogo niliyoazima ofisini, nikaifungua mbele ya umati. Niliomba Mungu huko mstari ulikoangukia iwe shamba tupu. Haikuwa shamba tupu. Ilikuwa nyumba ya bati jipya, nyumba ya Mzee Kapaya mwenyewe.

"Nao umeshuka, mzee," nikasema. "Na nyumba yako imeingia ndani."

Mzee Kapaya akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Nilijenga kwa kufuata ramani yenu," akasema. "Ile mliyobandika ofisi ya kijiji."

Yaliyofuata yalikuwa vurugu tupu. Wa kusini walitaka kwao mstari usishuke. Wa kaskazini wakauliza, kama msitu unakatwa huku na haupati kitu kule, nyuki wataishi wapi? Kila aliyesimama alisema jambo la haki, na kila haki ilimgonga mtu mwingine. Walinigeukia mimi niamue, na mimi nilikuwa najua mstari uko wapi lakini sijui kabisa lililo jema. Hadi leo sijui. Kuna siku naamka nikiona ni heri wangeupindisha ule mpaka kwa ajili ya yule mzee, na kuna siku naona wangeupindisha kwake wangeupindisha kwa kila mwenye bati jipya. Baada ya vikao vingine vya vijiji, mstari wa kweli ndio uliopitishwa. Mzee Kapaya akapewa kiwanja kando ya barabara, na watu wa pande zote mbili wakaja kumsaidia kung'oa mabati na kubeba mbao. Mama Tabita alifika na sufuria ya ugali na kuku, akawapakulia wote.

Na mimi nilikwenda, ingawa miguu haikutaka. Nilimkuta Mzee Kapaya anaifunga mizinga kwa kamba. Nikamwamkia, nikaanza kumweleza habari za hesabu mbili za dunia. Akanikatiza.

"Hayo niliyasikia. Mimi sikulaumu kwa mstari, binti. Mstari ni mstari. Nyumbani kwenu mjini, mtu akifiwa, mnamtangazia sokoni?"

"Hapana, mzee."

"Mnafanyaje?"

"Tunamfuata kwake. Tunamkalisha chini kwanza."

"Mimi nilifiwa na nyumba yangu nimesimama," akasema, "mbele ya watu waliokuwa wanapiga vigelegele." Kisha akaniomba nimshikie ncha ya kamba, nikaishika, tukaendelea kufunga mizinga.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hiyo hapo, nisije nikakuacha uitafute. Kazi yako itakupa mistari, na kila mstari utakaouchora una mtu huku na mtu kule. Usipojua, sema hujui, tena mapema, kabla hujachapa. Hakuna aliyefukuzwa nyumbani kwake kwa sababu ya mtaalamu aliyesema sijui. Na ukishajua, usikimbilie kufurahi na yule uliyemwokoa. Uzunguke mpaka wote, mwanzo hadi mwisho, na popote utakapomgusa mtu, funga kompyuta yako, panda gari, mfuate kwake. Mwamkie, omba kiti, na yeye akae. Mwambie kwa mdomo wako kabla hajaambiwa na ramani. Huenda akakutukana, vumilia. Huenda hutakuwa na cha kumpa zaidi ya hayo maneno, mpe hayohayo. Kuchanganyikiwa kutakuja tu, usikuonee aibu, mimi nimestaafu nako.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona pande zote mbili za kila mstari, na akupe miguu ya kukufikisha milangoni kwa watu kabla ya habari mbaya. Nenda kazini, mwanangu, na popote utakapobisha hodi kwa neno zito, akujalie ukaribishwe ndani.