Nilivyomlilia Kasereka wa Wenyewe

Jamani, aibu nyingine mtu huificha mpaka aende nayo kaburini, lakini hii yangu nusu ya watu wa Beni waliiona kwa macho na nusu nyingine walisimuliwa, kwa hiyo afadhali niiseme mwenyewe kabla hamjaisikia ikiwa imetiwa chumvi. Mimi Paluku, mwalimu wa historia, baba wa watoto wanne, mtu anayepewa kusoma matangazo kanisani, nilipiga magoti kwenye kaburi la mtu nisiyemjua, nikalia machozi ya kweli, nikatoa hotuba, na kabla ya saa nne asubuhi mama yangu mzazi alikuwa ameshaitwa kimada mbele ya umati.

Kule kwetu Bulengera, upande mmoja wa mji wa Butembo, wananiita Kalenda. Kila asubuhi kabla ya somo huandika pembeni mwa ubao “Siku kama ya leo”, kisha nawaeleza wanafunzi: tarehe nne mwezi wa kwanza, watu walikufa Kinshasa wakidai uhuru, tarehe thelathini mwezi wa sita, uhuru wenyewe, na kadhalika mpaka mwaka uishe. Wazazi wakinikuta njiani wananitania, “Kalenda, leo ni siku ya nini?” na mimi (kiburi kilivyo kibaya!) nasimama hata kwenye mvua kuwajibu. Tarehe moja tu sikuwahi kuiandika ubaoni, nayo ni siku aliyozikwa baba yangu.

Baba alikuwa seremala huko Mutwanga. Alikufa wakati wa Ebola, katika kituo cha matibabu cha Beni, na kwa kuwa Mama ndiye aliyemuuguza, Mama alizuiwa Mutwanga siku ishirini na moja, haruhusiwi kutoka. Mtoto wa kiume wa kwanza ni mimi, kwa hiyo nilitoka Butembo kwenda kuzika. Tulipofika makaburini, wale wazishi waliovaa nguo nyeupe mpaka usoni wakaniambia, “Papa, mutu moja wa famille akuje na siye, aone fasi tunamulalisha.” Yaani jamaa mmoja akaone mahali pa kaburi; watanipa buti na glavu, nisimame mbali kidogo, basi. Ni hatua labda mia mbili. Sikwenda. Niliogopa, ndugu zangu, niliogopa, nikabaki barabarani nyuma ya pikipiki, nikaona vichwa vyao tu juu ya majani. Waliporudi wakanipa karatasi yenye namba ya kaburi, na ile karatasi nikaiogopa kama ugonjwa wenyewe, nikaitupa njiani kabla sijafika Butembo.

Mama alipohamia kwangu, swali lake la kwanza lilikuwa, “Ulimuona vizuri?” Nikasema nilimwona vizuri. Akauliza kama kuna msalaba. Nikasema upo. Uongo ni kama magugu, ukiacha mzizi mmoja kesho una shamba, na mwaka uliofuata nilijisikia nikimwambia kwamba kaburi nimelijengea saruji.

Sasa, asiyejua desturi yetu nimweleze. Hapa Congo tarehe mosi mwezi wa nane ni siku ya wazazi, na siku hiyo tunaikata vipande viwili. Asubuhi ni ya wazazi waliokufa, watu wanabeba majembe na ndoo za chokaa wanakwenda makaburini kung'oa majani. Mchana ni ya walio hai, kuku, fanta, kitenge kipya, nyimbo. Ukiwa na mzazi mmoja chini ya udongo na mmoja juu yake, kama mimi, siku nzima una kazi. Basi kila mwaka asubuhi hiyo nilibeba jembe, nikamuaga Mama, nikasema naenda Beni. Nilikuwa naishia kwa rafiki yangu mmoja mitaa mitatu kutoka nyumbani, tunacheza dama mpaka mchana, halafu kabla ya kurudi napaka viatu matope (naona aibu hata kulisema hili) ili nionekane nimetoka makaburini. Mama alikuwa akivipokea mlangoni, ananiambia, “Wasingya, mutoto wangu,” yaani asante, kisha anakwenda kuviosha.

Miaka mitano ikapita hivyo. Mwaka wa sita, jioni ya kuamkia siku yenyewe, Mama akasema tu wakati tunakula, “Kesho tutaenda wote.” Nikamkumbusha barabara ilivyo mbaya na watu wenye silaha, nikamkumbusha na miguu yake. Akasema, “Miguu ni yangu. Nataka kukaa karibu naye mara moja mbele ya kufa.”

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nikachukua ndoo.

Makaburi ya Beni asubuhi ile yalijaa watu kama soko. Nilimwongoza Mama kwa mkono, natembea kama mtu anayejua aendako, macho yananitoka kutafuta saruji yoyote yenye jina la Baba, yaani Kasereka. Na hapa mnielewe, sisi Wanande jina hutolewa kwa zamu ya kuzaliwa, mvulana wa tatu ni Kasereka, kwa hiyo kutafuta Kasereka makaburini Beni si kazi, kazi ni kumkosa. Nikaliona moja: saruji safi, msalaba mweupe, PAPA KASEREKA, na maneno mengine yamefutika. Nilikuwa na nafasi ya kumuuliza mlinzi wa makaburi, alikuwa amekaa palepale kwenye jiwe. Lakini mwana gani huuliza kaburi la baba yake mbele ya mama yake? Nikasema maneno mawili yaliyoniharibia: “Ndilo hili.”

Mama akakaa chini kando ya ile saruji. Akaipapasa kwa kiganja. Akasema polepole, “Ulijenga vizuri,” na mimi machozi yakanitoka, sijui kwa ajili ya Baba au kwa ajili yangu mwenyewe, nikapiga magoti nikalia kwa sauti.

Kilio changu ndicho kilichomleta Kasoki, aliyekuwa mwanafunzi wangu zamani na sasa ameolewa Beni. “Mais,” yaani lakini, “huyu ni Mwalimu Kalenda! Bantu, mukuje! Mwalimu, utuambie basi, siku kama ya leo!” Watu wakasogea. Mtu mwenye akili angesema yuko msibani. Mimi nikapangusa macho, nikasimama, nikaanza: siku kama ya leo Ujerumani ilitangaza vita juu ya Urusi, ile vita kubwa ya kwanza, siku kama ya leo Waswisi wanasherehekea taifa lao, na siku kama ya leo sisi tunawakumbuka waliotuzaa. Wakaitikia “Amen!” Ile amen ikanilevya. Nikaweka mkono juu ya msalaba, nikasema, “Huyu Kasereka mnayemwona hapa alikuwa mume wa mke mmoja, na pombe hakuionja hata siku moja!”

Nyuma yangu mtu akacheka.

Nilipogeuka nikaona mama mmoja mnene, kitenge cha kijani, na nyuma yake wanaume na wanawake wa kitenge hichohicho, wana majembe, na mmoja amebeba chupa ya kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, ya kummwagia marehemu kidogo.

“Papa, pole,” yule mama akasema. “Kasereka gani huyo hakunywaka?”

“Ni baba yangu, Mama.”

Yule mama akanisogelea. Akaweka ndoo yake chini. “Baba yako? Miye nilizaaka naye batoto saba. Wewe uko wa ngapi? Jina lako nani?”

“Paluku,” nikajibu, na hata kabla sijafunga mdomo nikajua nimekwisha, maana Paluku ni jina la mvulana wa kwanza. Jibaba moja lenye ndevu likajitokeza nyuma yake, “Mama, Paluku ni miye!”

Yule mjane akaniacha, akamgeukia mama yangu. “Na wewe, Mama, unatoka wapi?”

“Mutwanga,” Mama akajibu kwa heshima, hajui lolote.

“Ahaa! Kumbe njo wewe! Bwana yangu alikuwaka chauffeur wa ku Mutwanga. Kila juma gari inaharibikia kule, analala kule! Donc deuxième bureau ilikuwa wewe!” (Ofisi ya pili, hivyo ndivyo tunavyomwita mwanamke wa pembeni.) “Na umeleta na mutoto wako mukubwa, leo, mbele ya bantu, apige discours!”

Watu waliokuwa wanasema amen wakaanza kuzomea. Mmoja akaninyang'anya jembe. Kasoki maskini akajitupa katikati, akapiga kelele, “Hapana! Mwalimu wetu hapana mutu wa bongo!” yaani si mtu wa uongo, na katika maneno yote ya siku ile hilo ndilo lililonichoma kuliko matusi. Nikamtazama Mama. Mke wa seremala mmoja, mjane wa miaka mitano, mwanamke wa kwaya, amekaa chini na kilemba kimemwangukia usoni, hajakirudisha, hajajitetea, ananitazama mimi tu, anangoja.

Basi nikasema. Nikasema kwa sauti, maana walionizunguka walikuwa wengi: “Mama huyu hana kosa. Huyu si baba yangu. Kaburi la baba yangu silijui. Siku ya kumzika niliogopa ugonjwa, nikabaki barabarani. Miaka mitano nimemdanganya mama yangu.” Nilidhani ardhi itapasuka inimeze. Haikupasuka. Kulikuwa na mtoto analia mbali, na watu wazima wote wakatazama chini, kwa sababu Beni hakuna nyumba ambayo wakati ule haikuogopa mtu wake.

Yule mjane ndiye aliyetangulia. Akachuchumaa mbele ya Mama, akamrudishia kilemba chake kichwani, akakifunga vizuri. “Unisamehe, dada,” akasema. “Kasereka wangu alinitesaka sana, nikisikia Mutwanga tu, kichwa inawaka.”

Mlinzi akainuka kwenye jiwe lake. “Ba wakati wa Ebola beko kule chini, ku mustari moja. Majina ilisha kufutika. Namba ziko mu kitabu ku bureau, mais leo bureau ni ya kufunga. Ni siku ya bazazi.”

Mnasikia? Siku pekee niliyokuja kumtafuta mzazi wangu, ofisi imefungwa kwa heshima ya wazazi.

Tukashuka kule chini. Makaburi kumi na moja, majani yamefika kiunoni, misalaba mingine imelala. Mama akasimama kwanza, akayahesabu kwa kidole, kisha akachukua jembe. Nikamwambia, “Mama, sijui ni lipi.” Akasema, “Tutalima yote. Moja itakuwa yake.” Tukalima yote. Yule mjane akawatuma watoto wake saba, Paluku mwenye ndevu akalima karibu yangu bila kunisemesha, na chokaa yetu ilipokwisha wakaleta yao.

Nilipokuwa nainua msalaba wa mwisho nikamwomba Mama anisamehe kwa ile saruji, kwa kumfanya apapase kaburi la wenyewe. Akaendelea kung'oa jani.

“Nilijua,” akasema.

“Ulijua nini?”

“Ile viatu, Paluku. Nani alikuwa anaosha? Miye ni mulimaji. Ile udongo ilikuwa ya Bulengera, ya pale ku fontaine ya maji. Kila mwaka.”

Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza miaka yote, kwa nini leo ametaka kuja.

“Baba yako miye namuliaka ku nyumba kila siku, sina lazima ya kaburi. Nilitaka wewe ufike. Nilikuwa nangojea uende mwenyewe, mwaka inaisha, hauendi. Sasa nazeeka. Nikasema, nitamupeleka.”

Alinipeleka, kama vile alivyonipeleka darasa la kwanza. Mwanamume mzima mwenye mvi, mwalimu wa historia ya dunia.

Mchana ule, kipande cha walio hai, sikuweza kula kuku. Mama alikula, akacheka, akawasimulia wajukuu jinsi alivyoitwa deuxième bureau uzeeni, akasema mwanamke wa Mutwanga ana bei. Tulikubaliana kurudi Beni siku yoyote ofisi ikiwa wazi, tutafute ile namba. Shule ikafunguliwa, mitihani ikaja, barabara ikafungwa, nikasema tutakwenda, tutakwenda. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata Mama akalala na homa ya mapafu, hakuamka.

Aliacha ameagiza azikwe Beni, mwisho wa ule mstari. Safari hii sikubaki barabarani. Niliingia shimoni mimi mwenyewe kupokea sanduku, nikapanda na udongo mpaka magotini, na viatu vile sijaviosha mpaka leo. Kukitazama kile kitabu cha ofisini nilikwenda siku ya tatu. Mvua ilikiingia zamani, kurasa za wakati ule zimegandana, karani alipojaribu kuzifungua zikachanika. Basi. Mstari una makaburi kumi na mawili sasa, na ninalolijua ni moja.

Wanafunzi bado wananiita Kalenda, na bado naandika ubaoni, lakini nimeapa jambo moja: nisilolijua nitasema silijui, hata aulize nani. Na kila tarehe mosi mwezi wa nane nalima yote kumi na mawili, naanzia la Mama, kisha kwa kila moja kati ya yale mengine kumi na moja nasimama, navua kofia, nasema, “Tata,” yaani Baba, “nimefika,” mara kumi na moja, kwa kuwa mmoja wao ananisikia.