Maji ya Mizani

Saa mbili asubuhi, benchi la kliniki ya watoto limejaa na muuguzi ameshakasirika. Mama mmoja amemwambia kwamba maziwa yake yamechacha kwa sababu ametembea juani.

"Yamechacha yakiwa kifuani?" anauliza muuguzi, mikono kiunoni. "Na damu je, nayo imechemka? Mnyonyeshe mtoto, mama, ana njaa."

Benchi zima linacheka. Mama mwenyewe anacheka, anamtoa mtoto mgongoni, anamnyonyesha. Muuguzi hana muda wa kucheka. Siku ya kliniki hupokea akina mama zaidi ya sitini, yeye na msaidizi mmoja, na mizani moja inayoning'inia darini.

Hapa wanamwita Bi Mkali. Jina hilo analijua vizuri ila anajifanya halijui. Miaka kumi na tisa ya kazi hii imemchosha masikio kuliko miguu, na ukikaa naye asubuhi moja tu unaelewa kwa nini.

"Kuna mwenye matiti madogo, ameshakata tamaa hata hajajifungua," anasema huku akijaza kadi. "Mwingine mama mkwe kamwambia yale maziwa ya kwanza, ya manjano, ni uchafu. Wakayakamua, wakamwaga bafuni! Kinga ya mtoto hiyo. Mwingine, mtoto akilia tu, maziwa hayatoshi, leteni chupa. Jamani, mtoto hulia! Ana joto, amelowa, anataka kubebwa. Kwani atasema kwa mdomo gani?"

Huyasema hayo kila wiki. Kila wiki wanaitikia "ndiyo, nesi", kisha wanakwenda nyumbani kufanya yale yale. Inaudhi hata kwa anayesikiliza tu.

Lakini lililomvunja nguvu halikutoka kwa mama mkwe wa mtu.

Mwezi uliopita alikuja fundi cherehani, binti mwenye mtoto wake wa kwanza, wa wiki saba, akisindikizwa na shangazi yake. Mizani ilisema mtoto ameongezeka kidogo. Muuguzi akayaona mapaja yamelegea na tumbo limetuna, akahisi kuna kitu hakiko sawa. Alipomnyanyua, mtoto akamtapikia kifuani. Maji matupu, hakuna hata tone la maziwa.

"Umempa nini huyu?"

Binti akainama. Shangazi ndiye aliyejibu. "Maji ya mizani, nesi."

"Maji ya nini?"

"Ya mizani. Tunawanywesha pale nje kabla ya kuingia, ili uzito usome vizuri. Wote hapa wanajua."

Muuguzi aligeukia benchi. Mama mmoja alikuwa akisukuma chupa ndani ya mkoba, mwingine akaifunika yake kwa nepi. Kumbe ndiyo desturi ya benchi lile: mama mzoefu anamnong'oneza mgeni, mgeni anakwenda kukinga bombani.

"Nilipandwa na hasira, nikataka kuwasema mpaka jioni," anasimulia. "Maji! Katumbo kale ukikajaza maji, maziwa yataingia wapi? Hanyonyi, na asiponyonya maziwa yanapungua. Na maji ya bomba lenyewe lile, hata mimi siyanywi!"

Shangazi hakumpa nafasi. "Mara ya kwanza mtoto alipopungua, ulimuuliza mbele ya watu, 'Huyu unamlisha au unamtazama?' Watu wakacheka. Mwenzio alilia njia nzima. Ulitaka aje tena na mtoto aliyepungua?"

Muuguzi akamvuta binti nyuma ya pazia, akamwambia anyonyeshe.

Mtoto alishika ncha tu ya chuchu, nayo ilikuwa imepasuka, ina kidonda. Binti aliuma meno kwa maumivu, akamtoa haraka. Maziwa yalikuwapo, ila mtoto hakuwa akiyapata.

"Wiki zote hizo nimempima, sijawahi kumwona akinyonya hata mara moja," anasema. "Sasa nani alikuwa akimtazama tu?"

Siku hiyo hiyo daktari alimchunguza mtoto. Binti akafundishwa kusubiri kinywa kifunguke wazi, kisha amlete mtoto kwenye ziwa mpaka ashike na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu. Maji yakakoma. Akaambiwa arudi kila baada ya siku mbili, na muuguzi anakiri kwamba katikati ya siku hizo hakuwa na raha. Aliogopa kumpoteza yule mtoto.

Leo binti yupo kwenye foleni. Mtoto amenenepa, safari hii kwa maziwa, na mamaye anamtoa shali mwenyewe ili watu wamwone.

Mizani nayo imehamishwa hadi mwisho wa chumba. Mama akiingia huulizwa kwanza mtoto ananyonyaje, hunyonyesha akiangaliwa, ndipo mtoto hupimwa. Muuguzi ameomba viti vyenye egemeo na pazia la pili, akaambiwa hakuna nafasi, ilhali makabati mabovu yamejaa ukuta mzima. Anapanga kuyatoa mwenyewe, na ukimsikia anavyolitamka neno "makabati" unayaonea huruma.

Kelele zake hazijaisha, wala haahidi kwamba zitaisha. Anachotaka ni kimoja.

"Mwenye mtoto aliyekonda," anasema, akimwita anayefuata, "aje naye hivyo hivyo alivyokonda."