Nyundo Namba Kumi na Saba

Niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikieleza vibaya mnisamehe. Miaka ya sabini nilikuwa karani Mafinga, kwenye ofisi ndogo ya vibali vya magogo. Kila mpasua mbao alikuwa na nyundo yake ya chuma yenye namba. Akigonga kitako cha gogo, namba inabaki pale. Mimi nilifunga bahasha za kupeleka vizuizini: vyeti vya nyundo zinazotumika, kila kimoja kimegongwa chapa ya nyundo yake, na juu kabisa orodha ya nyundo zilizofutwa. Natoboa, napitisha uzi mmoja, napiga lakiri.

Jambo hilo lilinishangaza. Mlinzi wa kizuizi cha Igawa, njia ya Mbeya, hajawahi kuniona, lakini kwa uzi wangu na lakiri yangu anaachia lori au analizuia. Hivi alikuwa anaamini nini hasa?

Siku moja mpasua mbao mmoja, mzee wa Kibena, akaja kusema nyundo yake, namba kumi na saba, imetumbukia mtoni. Nikaiandika kwenye orodha ya zilizofutwa. Mhunzi akamtengenezea nyingine, na mzee akaomba namba ileile, maana wateja wameizoea. Sikuona ubaya. Nikaandika cheti kipya, nikakigonga chapa ya nyundo mpya, nikafunga vyote pamoja.

Haikupita muda, dereva akatuletea habari: magogo ya mzee yamezuiwa Igawa. Yakionekana ya wizi, yatachukuliwa na kibali chake kitafutwa. Mzee na mimi tukadandia lori.

Mlinzi alikuwa na bahasha yangu mkononi.

"Karani ndiyo wewe? Afadhali. Cheti chako kinasema kumi na saba ni nzima. Orodha yako inasema imekufa. Sasa nimwamini karani yupi, wa juu au wa chini?"

"Mzee, nyundo yako ina mzimu!" dereva mmoja akadakia. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kicheko cha aibu.

Nikakitazama kile cheti vizuri. Saba ya nyundo mpya ilikuwa na pengo mguuni, nadhani patasi ya mhunzi iliteleza. Tukakilinganisha na gogo moja moja, mlinzi akitia alama ya chaki. Pengo. Pengo. Pengo. Halafu magogo mawili, hayana pengo.

Mzee akamgeukia mlinzi. "Mwanangu, maji yalipopungua niliiona mchangani. Hii mpya mpini ulilegea, nikagonga na ile ya zamani mara mbili tu. Magogo ni yangu, haki ya Mungu."

"Sikatai, baba," mlinzi alisema. "Ila mimi nalinda karatasi."

Mawili yakabaki Igawa, mengine yakaenda Mbeya, na kibali kikapona. Sijui kama ilikuwa haki kamili. Mlinzi hakuwa mkali, na mzee sikumwona mwizi. Aliyeandika namba tupu kwenye orodha, bila chapa, ni mimi, na aliyempa hai namba ya mfu ni mimi vilevile.

Kesho yake mzee aliingia ofisini. "Kamwene, karani," akanisalimu kwa Kibena, akaniwekea nyundo ya zamani mezani. Nikaipaka wino, nikaigonga mara ya mwisho, kwenye orodha ya zilizofutwa.