Uso Ambao Sikuruhusiwa Kuutazama

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti nikiwa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba yangu, nimevaa kandambili, mkono mmoja umeshika simu na wa pili kikombe cha chai. Ujumbe ulisema nimeongezwa kwenye kundi la Wachoraji Chipukizi. Nilikuwa karani wa serikali pale Kenyenya, nimebakiza muda mfupi nistaafu, nina wajukuu, na leo mtu ananiita chipukizi. Nilikipokea cheo hicho kwa mikono miwili.

Najua ninyi vijana mtauliza kuchora katuni za kujifurahisha kunakuwaje kazi. Ni kweli haikunilipa hata ndururu. Lakini nilikuwa na wakubwa, nilipewa maonyo, nilihamishwa, na siku moja nilifikishwa mbele ya baraza. Ukarani haukuwahi kunifikisha huko.

Kazi yenyewe ilifanywa hivi. Ulianza kwa penseli laini, ukachora fremu tatu, yaani visanduku vitatu vinavyofuatana. Katika fremu ya kwanza mtu anatembea, katika ya pili haoni ganda la ndizi, katika ya tatu yuko chini na sisi tunacheka. Maneno ya wahusika yalikaa ndani ya kiputo, na kiputo kilichorwa baada ya kuandika maneno, si kabla. Mimi nilianza kinyume, kwa hiyo wahusika wangu wa mwanzo wote walikuwa wakisema nusu sentensi. Halafu ulipitisha wino juu ya penseli, ukangoja ukauke, ukafuta penseli, ukapeleka karatasi dirishani na kuipiga picha kwa simu. Kivuli cha kichwa chako kikiingia kwenye picha, ulirudia. Siku za mvua, na kwetu Gusii mvua haingoji mwaliko, ulirudia mpaka majirani wakamuuliza mke wako kama mzee yuko salama.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Admini Mkuu wa kundi hilo, kijana aliyeuza kava na chaja za simu pale Masimba. Nilimtumia katuni yangu ya kwanza, kisa nilichokitunga mwenyewe kuhusu karani anayelala juu ya mafaili. Akanipigia simu.

"Mzee wangu, kuchora unajua," alisema, "lakini hii ya karani hakuna mtu atasoma. Anza na fan art kwanza."

"Hiyo ni nini?"

"Unachora mtu mwenye watu tayari wanapenda. Wa redio, wa TV. Wakikuzoea, sasa unawaletea karani yako polepole. Na uweke jina kwa kona, wasikuibie."

Sanaa ya shabiki, basi: unamchora mhusika wa mtu mwingine kwa sababu unampenda. Kuhusu jina kwenye kona nilitii. Kuhusu karani nilikaidi, nikaendelea kumtuma wiki baada ya wiki. Alipendwa na watu wawili, mmoja akiwa mimi, na wa pili mke wangu Kerubo, ambaye alikuja kukiri kwamba kidole kiliteleza.

Kituo changu cha pili kilikuwa kundi la wanaume wa kanisa letu. Sisi ni Wasabato, na mkubwa wangu huko alikuwa Mzee wa Kanisa. Nilichora kwaya ikiimba huku safu nzima ya besi imesinzia, wakacheka vizuri sana. Tatizo lilikuwa saa. Ijumaa moja nilituma katuni jua likielekea kutua, mtandao wa kwetu ukajivuta, ikafika Sabato imekwisha kuingia. Mzee wa Kanisa akaandika, "Ndugu Ombati, jua limezama. Kicheko kingoje Jumapili." Nikamwandikia kumweleza habari za mtandao, na maelezo hayo nayo yakafika ndani ya Sabato; nikaondolewa kundini. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Admini hukwambia, tena kwa maandishi, ndugu wote wakisoma.

Nikarudi Masimba kwa Admini Mkuu, mpole kama kondoo, tayari kuchora alichotaka.

Wakati huo kulikuwa na mchezo wa redio kwa lugha yetu ya Ekegusii uliopendwa mno. Mhusika wake mkuu alikuwa kikongwe aitwaye Omong'ina Bochaberi, ambaye kila jioni alikwenda sokoni kununua mboga akarudi na ugomvi. Hakuna aliyewahi kumwona. Alikuwa sauti tu, na wengine walidai hata sauti yenyewe ni ya mwanamume. Nikaamua kumpa mwili.

Uso ulinisumbua. Mwishowe niliazima pua ya Bwana Mkubwa wangu pale Kenyenya, pua pana iliyoingia ofisini kabla ya mwenyewe. Huyo ndiye aliyewahi kunifumania nikichora, akaniambia, "Ombati, serikali haiendeshwi kwa vichekesho." Nikajibu, "Ndiyo, mzee," na alipotoka nikaichora ile pua ikisema maneno hayo. Kiwiliwili cha Bochaberi hakikunisumbua hata kidogo, kilikuja chenyewe: gambuti nyeusi za mpira, moja imekunjwa juu, sweta ya kiume, mwavuli umetundikwa kwenye kola nyuma ya shingo, mikono imefungwa mgongoni kama ya mkaguzi wa shule. Mara nyingi nilimchora akiwa ametupa kisogo.

Katuni ikashika moto. "Mzee, umeua!" aliandika Admini Mkuu. Nikashtuka, mpaka nilipoelezwa kwamba hiyo ni sifa. Watu walimtuma Bochaberi kutoka kundi hadi kundi, Kisii yote na Nyamira yote, nami nilitembea Kenyenya kifua mbele nikidhani nimefika.

Kisha Mogaka, kaka mkubwa wa mke wangu, akanipigia simu kutoka Nyansiongo.

"Shemeji, mama ameacha kupeleka maziwa."

"Ng'ombe ni mgonjwa?"

"Ng'ombe ni mzima. Mama ndiye hatoki nje. Kanisa haendi, soko haendi. Pale kwa maziwa watu wanamwita Bochaberi. Alikuwa hajui ni kwa nini, mpaka juzi wakamwonyesha simu. Na kwa kona iko jina lako."

Niliitazama ile picha upya. Gambuti iliyokunjwa. Sweta ya marehemu baba mkwe. Mwavuli kwenye kola. Nilikuwa nimemchora mama mkwe wangu.

Hapa inabidi nieleze. Kwetu kuna heshima iitwayo chinsoni. Ni haya inayokaa kati ya mzazi na mtoto, na zaidi kati ya mtu na wakwe zake. Babu na mjukuu hutaniana watakavyo, lakini mama mkwe humpi mkono, humtanii, na katika ukoo wa mke wangu, ambao hushika mambo hayo kwa kucha na meno, humtazami usoni. Siku hizi naona vijana wanapiga selfi na mama wakwe, mashavu yamegusana. Sisemi neno. Mimi, tangu nilipooa, nilipokuwa Nyansiongo niliinamisha macho. Nilimjua mama mkwe kwa gambuti zake zikipita mbele yangu na kwa mgongo wake akiondoka. Hivyo tu ndivyo nilivyoruhusiwa kuviona, na mkono wangu ulikuwa umevihifadhi bila kuniuliza.

Kerubo hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

"Baba Nyaboke," alisema, "umemweka mama yangu uwanjani watu wamcheke. Sasa amejifungia ndani kwa sababu ya penseli yako. Ndugu zangu wanataka uiache kabisa. Na mimi nasema hivi, kwa mama sitakanyaga tena nikiwa na wewe mpaka haya yaishe."

Nilimwonea mama mkwe huruma, na niliona aibu. Lakini sitaficha kwamba niliihofia penseli pia. Maisha yangu yote nimegonga mihuri kwa sababu niliagizwa. Kuchora ndicho kitu pekee nilichokifanya kwa sababu nilikipenda.

Baraza lilikaa uani kwa mama mkwe. Mashemeji walikuwa wawili, Mogaka na mdogo wake Onsongo. Mimi niliwekwa kwenye kigoda, mlango ukiwa nyuma yangu, macho yangu kwenye shamba la mahindi. Mama mkwe alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, na Kerubo akasimama kizingitini kupokea na kupeleka maneno, kwa kuwa mama mkwe hakuwahi kunisemesha moja kwa moja. Nilisikia kila neno vizuri, ila nilingoja niletewe.

Mogaka alifungua kwa maombi, kisha akaleta mashtaka. "Mtu hawezi kuchora kitu asichokitazama. Shemeji amemchora mama. Basi shemeji amemtazama mama."

Kama karani, nilikubali kwamba hoja imepangwa sawasawa.

"Sijawahi kumtazama usoni," nilijitetea. "Angalieni picha. Uso huo si wake."

"Nipeni hiyo simu," ilisema sauti nyuma ya pazia. Kerubo akaipeleka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami niliungoja mshindo huku nikiyakodolea macho mahindi.

"Mgongo ni wangu," mama mkwe akasema. "Gambuti ni zangu. Mwavuli ni wangu. Muulize mumeo, pua hii ni ya nani?"

"Mama anauliza pua ni ya nani," akasema Kerubo.

"Ni ya Bwana Mkubwa wangu wa Kenyenya."

"Anasema ni ya mkubwa wake wa Kenyenya."

"Mwanamume?"

"Mwanamume, mama."

Onsongo akakohoa, kikohozi kikageuka kicheko, akainuka kwenda kumwangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

"Kwa hiyo watu wote wa huku Borabu wanafikiri natembea na pua ya mwanamume," mama mkwe akasema. "Mgongo nitavumilia, mgongo kila mtu anauona. Lakini kuvalishwa uso wa mtu, hapana! Mwambie anichore uso wangu. Nikiuona ni wangu, aendelee na michoro yake. Nisipouona, hiyo penseli aiache hapa, tutawashia moto."

"Mama," Mogaka akauliza, "atakuchora aje bila kukutazama?"

"Si ni fundi? Na chinsoni haivunjwi kwa boma yangu."

Nikaweka karatasi juu ya goti. Jasho lilinitoka, na Nyansiongo ni baridi.

"Anauliza macho yako yako namna gani, mama."

"Ni ya kuonea."

"Anauliza ni makubwa au madogo."

"Yanatosha."

Mogaka akadai kidevu cha mama ni chembamba. Onsongo, aliyekuwa amerudi, akasema ni cha mviringo. Wakabishana mpaka wakaitana majina ya utotoni, na mama yao akawanyamazisha wote wawili. Kisha akaanza kujieleza mwenyewe, taratibu, naye Kerubo akaacha kurudia. Nyusi zinazokaribia kukutana. Pengo dogo meno ya mbele. Shavu moja linaloingia ndani anapocheka, na la pili halifanyi hivyo. Sikufikiri. Mkono ulikimbia wenyewe.

Kerubo alipokuja kuichukua karatasi aliitazama, akanitazama, akafunika mdomo kwa mkono. Hapo ndipo na mimi nikaona. Nilikuwa nimemchora yeye. Kerubo mwenyewe, jinsi alivyokuwa siku nilipofika kwao mara ya kwanza kuposa. Nimeutazama uso mmoja tu maishani kwa haki na kwa raha, na penseli haikujua mwingine. Nikajua nimekwisha. Niliiweka penseli chini kando ya kigoda, tayari kwa moto.

Karatasi ikapita pazia. Nikasikia mama mkwe akipenga kamasi.

"Nani alimwambia nilikuwa hivi?" akauliza, na sauti haikuwa tena ya hakimu. "Hivi ndivyo nilivyokuwa nilipoletwa hapa kuolewa. Picha ya wakati ule sina hata moja. Uso huu nilikuwa nimeusahau."

Nililia mbele ya mashemeji zangu. Mogaka aligeukia mahindi ili kunistahi.

"Mwambie achukue penseli yake," mama mkwe akasema. "Na huyo Bochaberi ampatie viatu vingine."

Kesho yake alipeleka maziwa. Mtu wa kwanza aliyemwita Bochaberi alionyeshwa ile karatasi, imefungwa kwa nailoni, akaambiwa, "Huyu ndiye mimi. Huyo wa simu ni mtu wa Kenyenya."

Siku ile ya baraza, tukirudi nyumbani, Kerubo alisimama tulipofika kwenye lango.

"Ulinichora mimi," akasema.

"Ndiyo."

"Na hukuweka makunyanzi."

"Makunyanzi gani?"

Akaniambia niache uongo, mzee mzima, lakini ndiye aliyenibebea mfuko wa penseli hadi ndani.

Sasa nimestaafu ukarani, na katuni nazo nimestaafu, maana vidole vinatetemeka na wino hausamehe. Ukurasa wangu wa katuni mtandaoni anauangalia Admini Mkuu, na yule karani anayelala bado anamngoja msomaji wake wa tatu. Ninyi mnachora kwenye kioo cha simu na kufuta kosa kwa kidole, nami nafurahi kwa ajili yenu. Jina kwenye kona liwekeni hata hivyo. Anayeogopa kuitwa mbele ya baraza aende akagonge mihuri.

Mama mkwe alitia ile picha kwenye fremu akaitundika sebuleni. Nikifika Nyansiongo, kiti changu huwekwa kuelekea ukuta huo, naye hukaa nyuma yangu, na Kerubo hatumwi tena kubeba maneno. Majuzi mama mkwe alikuwa akinigombeza kwamba tunakaa sana bila kumtembelea, nami nikainamisha macho kama nilivyozoea.

"Mkwe," akasema nyuma ya kisogo changu, "niangalie ninapokusemesha."

Nikainua macho ukutani, nikamwangalia.