Kioo Nilichokisogeza Mlangoni

Mimi sisahau, na sitaki kufundishwa kusahau. Miaka ile ya hamsini nilikuwa muuzaji katika duka la kanga Kariakoo, mgeni kutoka Lindi. Tajiri alikuwa ameniambia wazi: ikifika Idi sijapata wateja, nirudi kwetu.

Mdomo ninao, jamani. Wanawake walikuja, wakacheka nami, wakajitanda kanga. Mara macho yao yanapita juu ya bega langu, uso unakunjamana, wanasema watarudi. Hawarudi. Nyuma yangu alikuwa akisimama muuzaji mkubwa wa duka, na siku ya pili wanawake walewale nawakuta wakinunua kwake. Nikadhani nina mkosi.

Siku moja nikatupa jicho kwenye kile kioo kirefu cha wateja, nikamwona muuzaji yule mkubwa. Alikuwa akisugua vidole, kisha anavichezesha kuelekea chini, mdomo kaubinua. Kila mwanamke wa mjini aliielewa ishara ile: hiyo inachuja, usinunue. Na mchana tulikuwa tukila sahani moja, mnafiki yule!

Kumshtaki kusingefaa. Angekana, na nani angeniamini mimi wa kuja juzi? Tajiri alikuwa akikaa ndani kabisa na tasbihi yake, akituona visogo tu. Nikamwomba nikisogeze kioo mlangoni, wateja wapate mwanga. Akaniruhusu. Kuanzia hapo alituona nyuso kiooni. Nikasema moyoni, za mwizi arobaini.

Kesho yake akaja mama mmoja, akapenda doti nyekundu. Nikamsifia kwa sauti ya kusikika mpaka ndani. Macho yake yakapita juu ya bega langu. Nikageuka kumtazama tajiri: tasbihi imesimama.

Tajiri aliinuka, akaichukua ile doti, akaimwagia maji ya birika mbele ya mteja na kuikamua. Maji yakatoka safi, bila rangi. Akamfungia yule mama doti nyingine kavu. Ile iliyolowa akamtupia muuzaji wake mkubwa begani, akamwonyesha mlango kwa kidevu.

Mlangoni jamaa alinigeukia, sauti chini.

"Ndugu yangu, nisemee kwa mzee. Nina watoto."

Tajiri alikuwa ananitazama, anangoja. Neno langu moja lingetosha.

Nilisugua vidole taratibu, nikavichezesha kuelekea chini, na mdomo nikaubinua.